Mbaraka Mwinshehe: Mtungaji wa Nyimbo za Dansi na Nafasi Yake katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Historia ya ushairi wa Kiswahili, kama ifundishwavyo katika vyuo vyetu, ina njia iliyokwisha kukanyagwa sana. Huanzia katika tenzi za Pate na Lamu, ikapitia Mombasa kwa Muyaka bin Haji, ikatua Tanga kwa Shaaban Robert, kisha ikaingia katika ule ugomvi wa vina na mizani uliozuka baada ya uhuru. Mwanafunzi anayehitimu huweza kutaja sheria za utunzi alizoziandika Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, na huweza pia kueleza jinsi Kezilahabi alivyoziacha katika Kichomi, mwaka 1974. Lakini ukimwuliza ni tungo zipi za Kiswahili zilizosikiwa na watu wengi zaidi katika miaka hiyo hiyo ya sabini, itambidi ataje nyimbo za bendi, ambazo hakufundishwa neno juu yake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kazi za mtungaji mmoja wa nyimbo hizo, marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, kiongozi wa Morogoro Jazz na baadaye wa Super Volcano. Hatudai kwamba kila wimbo alioutunga ni ushairi bora. Hakuna mtungaji wa aina hiyo, hata miongoni mwa wale tunaowatahini. Dai letu ni la kihistoria. Nyimbo za Mbaraka ni ushahidi wa hatua moja muhimu katika maisha ya lugha hii, hatua ambayo vitabu havikuiweka wazi: pale Kiswahili sanifu, kilichozoeleka kuwa lugha ya shule, ofisi na amri, kilipokuwa lugha ambayo mtu wa bara huilia, huposea na hugombania nyumbani. Tukiiacha hatua hii nje ya mitaala yetu, tutakuwa tunafundisha historia ya washairi tu, bila ya historia ya lugha yao.

2. Neno "jazi" katika Afrika ya Mashariki

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada yetu, yafaa tulieleze neno lenyewe. Msomaji aliyezoea muziki wa Marekani asitazamie kuikuta New Orleans mjini Morogoro. Katika Tanganyika na Kenya, kujiita "Jazz" kulikuwa ni kutangaza kwamba kundi lina magitaa, tarumbeta au saksafoni, na kwamba linapiga dansi, yaani ngoma ya watu wawili wawili katika ukumbi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Morogoro Jazz na Western Jazz zilifuata mwaka 1944. Kwa hiyo jina hili lilikwisha kuwa na mizizi katika nchi kabla ya wengi wa waliolipatia sifa kuzaliwa.

Bendi hizi hazikutokea hewani. Kabla yake kulikuwa na beni, ngoma ya vyama vya mashindano iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea bara pamoja na askari, wapagazi na makarani. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii ya Afrika ya Mashariki, amekwisha kueleza jinsi beni ilivyobeba siasa, ushindani na heshima ya watu wa mijini chini ya ukoloni. Dansi iliurithi ushindani huo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina lake: Nuta Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, na Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilijulikana kwa Sikinde. Mpenzi wa bendi aliufuata mtindo kama babu yake alivyofuata chama cha beni.

Kutoka nje zilikuja santuri za Kuba, zilizoanza kuuzwa katika Afrika tangu miaka ya 1930. Walioziiga hawakuyaelewa maneno ya Kihispania, wala hawakuhitaji kuyaelewa. Walichukua mapigo na mpangilio wa sauti, wakabaki na nafasi tupu mahali pa maneno. Nafasi hiyo ilijazwa kwa Kiswahili. Hapa pana jambo la kutiliwa maanani na mwanafunzi wa lugha. Taarabu ya Unguja na Mombasa iliyakuta maneno tayari, kwa kuwa mashairi yalikuwapo na kazi iliyobaki ilikuwa ni kuyatia sauti. Dansi ilianza na muziki, kisha ikayatafuta maneno. Mtungaji wa dansi alilazimika kuunda namna mpya ya kusema.

3. Morogoro na mtungaji wake

Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika hapo katika muongo wa kwanza wa karne ya ishirini, na pamoja na reli yakaja mashamba ya mkonge, na pamoja na mkonge wakaja vibarua kutoka kila upande wa nchi. Katika mji wa namna hii lugha ya mama haimfikishi mtu mbali. Mluguru, Mngoni, Myao na Mnyamwezi wakikutana dukani au kilabuni, husema Kiswahili.

Mji huu ulikuwa na bendi mbili kubwa. Ya kwanza ni Morogoro Jazz tuliyokwisha kuitaja. Ya pili ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambayo chimbuko lake ni kundi alilolianzisha mwaka 1948. Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965. Katika wakati huo huo wa katikati ya miaka ya sitini, kijana Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa tarehe 27 Juni 1944, aliingia katika Morogoro Jazz. Bendi na mpiga gitaa wake walikuwa na umri mmoja.

Mbaraka alikuwa mwimbaji, mtungaji na mpiga gitaa la solo kwa pamoja, na ustadi wake wa gitaa ulimpatia jina la "Soloist National". Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilisafiri hadi Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya Expo '70. Mwaka 1973 alikwisha kuiacha bendi hiyo na kuunda Super Volcano. Mnamo Januari 1979 alifariki mjini Mombasa katika ajali ya gari, kama Salum Abdallah kabla yake. Alikuwa na umri wa miaka 34. Kazi tunayoizungumzia ilitungwa katika muda usiozidi miaka kumi na minne au kumi na mitano.

4. Lugha ya nyimbo

Tuanze na majina ya nyimbo, maana jina la wimbo wa dansi ndilo maneno ambayo msikilizaji hurudi nayo nyumbani. Mengi ya majina ya Mbaraka ni neno moja au mawili: Shida, Masimango, Ukewenza, Pole Dada, Mtaa wa Saba, Jogoo la Shamba, Mashemeji Wangapi. Hakuna hata moja linalomhitaji msikilizaji afungue kamusi. Lakini kila moja lina uzito wake.

Chukua Masimango. Kumsimanga mtu ni kumkumbusha wema uliomtendea kwa nia ya kumwumiza. Neno hili haliwezi kuelezwa ila kwa mtu ambaye amewahi kula chakula cha nyumba isiyo yake. Ni neno la jamaa wanaoishi pamoja kwa shida, la mgeni aliyekaa muda mrefu, la mke asiye na pato mbele ya mume mwenye mshahara. Katika miji iliyojaa vijana waliofikia kwa ndugu zao kutafuta kazi, masimango yalikuwa ni sehemu ya maisha ya kila siku. Mwanahistoria wa jamii aweza kusoma taarifa nyingi za uhamiaji wa kutoka mashambani asikutane na neno hili hata mara moja. Mtungaji amelitia juu kabisa, likawa jina.

Ukewenza nalo ni neno lililoundwa kwa kanuni safi za sarufi yetu: kutokana na mke mwenza, kwa kiambishi u- cha hali. Mke mwenza ni mtu. Ukewenza ni hali, yaani jambo linaloweza kujadiliwa. Ikumbukwe kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilizitambua ndoa za mke mmoja na za wake wengi, na suala hili lilizungumzwa bungeni, magazetini na misikitini. Hatusemi kwamba wimbo ulitungwa kwa ajili ya sheria. Tunasema kwamba wimbo uliliweka suala hilo hilo katika ukumbi wa dansi, mbele ya wanaume na wanawake waliokuja pamoja, kwa lugha waliyoitumia wenyewe.

Katika Mashemeji Wangapi swali limo katika jina. Katika adabu ya Kiswahili, kumwita mtu shemeji ni kumpa haki: atapokewa, atapewa kiti, atasalimiwa na wadogo. Neno likipewa mmoja lina heshima. Likipewa wengi, mmoja baada ya mwingine, linaanza kupoteza thamani, na anayelitamka hujiuliza anaheshimu nini. Nambari, -ngapi, ndiyo inayoliumiza neno. Mtungaji hakuhitaji istiari wala neno la kale. Ameweka kiulizi cha kawaida kando ya neno la ukoo, na hali ya mji mzima imeonekana.

Jogoo la Shamba ni nusu ya methali. Kila msikilizaji anajua kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini, na kwa hiyo humalizia nusu iliyobaki moyoni mwake, ama akiikubali ama akiikataa. Mwanaisimu atatambua zaidi. Katika sarufi sanifu viumbe wenye uhai hufuata upatanisho wa a-/wa-, na tungetarajia "jogoo wa shamba". Methali imehifadhi upatanisho wa li-, na mtungaji ameuacha kama ulivyo. Hili ni jambo dogo, ila linaonyesha kwamba alichota katika lugha ya masimulizi, si katika kitabu cha shule. Na methali hii ilikuwa na maana ya pekee kwa bendi ya Morogoro. Bendi za Dar es Salaam zilikuwa karibu na redio, karibu na serikali na karibu na kumbi kubwa. Morogoro Jazz ilitoka shamba, nayo iliwika mpaka Osaka.

Tukija kwenye Shida, wimbo wake uliopendwa kuliko zote katika Kenya, twaweza kulinganisha majina mawili ya kazi za wakati mmoja. Mwaka 1973 ilitoka diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, iliyotungwa katika magereza ya Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972. Katikati ya muongo huo huo ikaja Shida ya Super Volcano. Maneno yote mawili, dhiki na shida, yametoka katika Kiarabu, na katika kamusi yanasimama karibu karibu. Lakini yamepita njia mbali mbali. Dhiki limebaki na harufu ya mwambao na ya utenzi. Ni neno la mtu anayejua kwamba anatunga. Shida limeenda sokoni, zahanati na kituo cha basi; mtu hulitaja kila siku bila kukusudia ushairi. Isitoshe, nomino hii haibadiliki katika umoja na wingi. Shida ni taabu moja niliyo nayo leo, na shida ni taabu zote za duniani, na jina la wimbo halimlazimishi msikilizaji kuchagua. Kenya na Tanzania zilikuwa zimeonja ukame na bei ya mafuta iliyopanda tangu mwaka 1973. Neno la silabi mbili lilitosha.

Diwani ya Abdilatif tunaifundisha, na ni haki yake. Lakini historia ya lugha inatutaka tuseme pia kwamba mshairi wa Mombasa alirithi chombo kilichonolewa na vizazi, na kwamba mtungaji wa Morogoro alilitumia neno la njiani, lisilo na urithi wa diwani, akalifanya liweze kubeba huzuni ya watu wasio na mshairi nyumbani kwao.

5. Umbo la wimbo

Wapo wenzetu watakaosema kwamba tungo hizi, zikiandikwa karatasini, ni nyepesi. Kwamba hazina vina vya kati na vya mwisho, hazina mizani kumi na sita iliyogawika nane kwa nane, na kwamba maneno yanarudiwa rudiwa. Maneno yao ni ya kweli kwa kadiri yanavyokwenda. Kosa liko katika kipimo. Shairi la beti za mishororo minne hujitosheleza kwa sauti ya msomaji. Wimbo wa dansi umegawiwa kati ya waimbaji, magitaa na miguu ya wachezaji.

Umbo lake la kawaida lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huenda polepole, na humo ndimo kisa husimuliwa: mwimbaji anaongoza, wenzake wanaitikia. Sehemu ya pili ni chemko. Mapigo hukaza mwendo, magitaa huzungumza yenyewe, na maneno hupungua hadi kubaki wito mfupi unaorudiwa. Mtu akinukuu maneno ya chemko peke yake atasema ni upuuzi. Lakini mchezaji aliyeisikia sehemu ya kwanza anajua wito huo umebeba kisa kizima. Kazi hiyo ndiyo ifanywayo na kibwagizo katika shairi: kurudi mwishoni mwa kila ubeti na kuukusanya. Tofauti ni kwamba kibwagizo hurudi kwa vipindi vya haki, nacho kiitikio cha dansi hulimbikizwa mwishoni.

Kuna pia suala la mkazo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kanuni hii ni imara sana. Mtungaji akiufuata muziki wa kigeni bila uangalifu, mkazo wa muziki utaangukia silabi isiyostahili na neno litasikika kama limesemwa na mgeni. Watungaji wazuri wa dansi huirefusha ile silabi ya pili kutoka mwisho hasa mwishoni mwa mstari, kisha huiachia silabi ya mwisho ishuke. Tazama Masimango, Ukewenza, Mtaa wa Saba: yote ni majina yanayoimbika kwa namna hiyo bila kuvunjwa. Hii nayo ni arudhi, ingawa hakuna aliyeiandika.

Wala tusisahau nguvu ya chombo. Wimbo ulioenda muda mrefu ukumbini ulilazimika kukatwa ili uingie katika santuri ndogo. Mara nyingi uligawiwa upande wa kwanza na upande wa pili, msikilizaji akasimama katikati na kuigeuza sahani. Kwa hiyo maandishi yoyote tutakayoyatoa katika santuri ni maandishi ya toleo moja tu la wimbo. Anayeujua utenzi wenye miswada mitatu minne haitampa tabu kulielewa jambo hili.

6. Wimbo kama kumbukumbu: kisa cha Dakta Kleruu

Tarehe 25 Desemba 1971, Dakta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa huko Isimani na mkulima aliyeitwa Said Mwamwindi. Isimani ilikuwa nchi ya wakulima wa mahindi waliolima mashamba makubwa ya binafsi, na Kleruu alikuwa mstari wa mbele katika kuitekeleza siasa ya ujamaa vijijini. Mwamwindi aliupeleka mwili mwenyewe kituo cha polisi mjini Iringa, akahukumiwa na kunyongwa. Kisa hiki ni miongoni mwa visa vizito vya miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Morogoro Jazz walitoa wimbo wa maombolezo uitwao kwa jina la marehemu. Kwa mwanafunzi wa fasihi wimbo huu una faida mbili. Kwanza, unaonyesha kwamba dansi iliweza kuichukua kazi ya zamani kabisa ya ushairi wa Kiswahili, kazi ya kumlilia kiongozi aliyekufa. Jamii ya pwani ilikuwa na maombolezo yake, yenye lugha ya adabu na ya dini. Hapa bendi ya bara inamwomboleza ofisa wa serikali ya kijamhuri, mbele ya taifa zima, kwa redio. Uombolezaji ulitoka katika ukoo na mtaa, ukawa wa taifa, na lugha iliyouwezesha ni Kiswahili.

Pili, wimbo huu unatufundisha mipaka ya ushahidi. Maombolezo humlilia marehemu; si kazi yake kumhoji mwuaji alikuwa na malalamiko gani. Anayetaka kuijua hofu ya wakulima wa Isimani juu ya mashamba yao hataipata katika tungo za aina hii, hata angezisikiliza zote. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa chombo cha serikali tangu mwaka 1965, ndiyo iliyozirekodi bendi na kuzipiga. Mtungaji alijua ni sauti gani itakayopita mlangoni. Jambo hili halimpunguzii Mbaraka heshima, kwa maana washairi wa mahakama za masultani nao walijua hivyo hivyo, na tungo zao tunazisoma bila kuwadai kile wasichoweza kukisema. Ila linamtaka mwanahistoria azipange nyimbo katika mafungu mawili. Zile za nyumba na mapenzi, kama Masimango na Mashemeji Wangapi, zinasema mambo ambayo serikali haikuwa na haja ya kuyaongoza, na kwa sababu hiyo huenda zina ukweli mwingi zaidi juu ya miaka ile kuliko zile zilizotungwa kwa ajili ya tukio la kitaifa.

7. Nyimbo zilizovuka mpaka

Imebaki tueleze kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Kenya. Tanzania ilikuwa na redio yenye studio, ila kiwanda cha kuchapa santuri hakikuwako, na biashara ya santuri ya Afrika ya Mashariki ilikuwa Nairobi. Ndiyo sababu sauti za Morogoro zilitiwa katika sahani huku, zikauzwa River Road, Kisumu, Nakuru na Mombasa. Baada ya kifo chake, kampuni ya santuri ya Nairobi ilizikusanya nyingi katika mfululizo ulioitwa Ukumbusho.

Fikiria hali ya Kiswahili katika sehemu za bara za Kenya katika miaka hiyo. Mtoto wa Nyeri au wa Kakamega alikisikia kutoka kwa askari, kondakta na msimamizi wa shamba. Kilikuwa ni Kiswahili cha kuagiza, kukaripia na kupatana bei. Mfumo wa 8-4-4, uliokifanya kuwa somo la lazima lenye mtihani, haukuanza hadi mwaka 1985, na hadhi ya lugha rasmi haikuandikwa katika katiba hadi mwaka 2010. Kabla ya hapo, mahali palikuwa pachache ambapo mtu huyu angesikia Kiswahili kikiomba radhi, kikibembeleza, au kikimwambia dada pole. Redio na santuri zilikuwa mahali hapo. Isitoshe, Kilingala cha bendi za Zaire kilikuwa kimeenea kumbini na kilipendwa na vijana kwa sauti yake, hata na wasiokielewa. Mbaraka aliwasalimu Wazaire katika wimbo, akajifunza kutoka kwa magitaa yao, ila aliendelea kutunga kwa lugha ambayo msikilizaji wa Nairobi angeweza kuifuata neno kwa neno.

Mwezi Februari mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, Jumuiya ikavunjika, na mpaka haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Mbaraka alikufa Mombasa katikati ya kipindi hicho. Wanasiasa wa pande mbili walikuwa wanatupiana maneno. Wapenzi wa muziki wa Kenya walimlilia mtu wa Morogoro kama ndugu yao. Katika historia ya lugha ya Kiswahili kama lugha ya Afrika ya Mashariki yote, msiba huo una nafasi sawa na kikao chochote cha kamati ya lugha.

8. Kazi iliyo mbele yetu

Katika Kenya nyimbo hizi huitwa zilizopendwa, na katika Tanzania zilipendwa. Vyovyote iwavyo, kitenzi kiko katika wakati uliopita. Jina lenyewe limekwisha kuzizika. Utepe wa redio huharibika kwa joto na unyevu. Santuri huvunjika, na waliozicheza wanazeeka. Yapo yaliyokwisha kutolewa upya katika nakala za kisasa, na wenye kuyatoa wanastahili shukrani, lakini mara nyingi yametolewa kwa ajili ya masikio tu, bila maandishi wala maelezo.

Tunapendekeza mambo matatu kwa idara za Kiswahili. La kwanza, nyimbo ziandikwe kutokana na sauti, na kila andiko litaje bendi, santuri au utepe uliotumika, na mwaka kama unajulikana kwa yakini. La pili, mwandikaji aeleze amekata mistari kwa kanuni gani. Ukikata mahali mwimbaji anapovuta pumzi utapata umbo moja; ukikata mahali sauti inapotua utapata jingine; ukijaribu kuufanya uwe shairi la mishororo minne utapata kitu ambacho mtungaji hakukitunga. La tatu, sehemu ya waitikiaji ionyeshwe mbali na ya kiongozi, kwa kuwa mara nyingi maana iko katika mgawanyo huo.

Anayeona kazi hii kuwa ni ya kujishusha na amkumbuke Shaaban Robert. Yeye, aliyetunga tenzi na mashairi kwa kanuni zote za mapokeo, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwimbaji maskini wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri. Hakuona kwamba wimbo wa kukodiwa ni kitu kidogo kuliko kalamu yake. Aliona kwamba mwanamke yule alikuwa ameifikisha lugha mahali ambapo vitabu vilikuwa bado havijafika.

9. Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba Mbaraka Mwinshehe aliyachukua maneno ya kawaida ya miji ya bara, masimango, shemeji, ukewenza, shida, akayapa umbo linaloimbika na kukumbukika. Kwamba umbo hilo lina kanuni zake zinazoweza kuchunguzwa. Kwamba nyimbo zake ni ushahidi wa miaka yake, wenye mipaka inayoeleweka. Na kwamba zilikipeleka Kiswahili cha moyo katika nchi ambayo kilikuwa kikijulikana zaidi kwa amri. Wanafunzi wetu huja chuoni wakiwa wamekwisha kuzisikia nyimbo hizi kwa wazazi wao. Yatupasa tuwafundishe kuzisoma, wakati wale waliozicheza bado wapo wa kutusahihisha maneno.